Fundi umeme wa Majengo (Moshi): kabla ya kuvuta waya alituonyesha kwanza moto ulianzia wapi

Naandika hii kwa watu wa Moshi mjini na sisi wa huku juu tunaotafuta fundi umeme wa kuaminika, hasa kama nyumba yenu imepata moto au ni zile za zamani ambazo kila baada ya miaka michache inaongezwa chumba. Nampa nyota tano. Kuna mambo ya kupunguza nyota nitayasema huko chini, ya simu na ya gharama, ila kwa alichoifanyia familia yetu siwezi kumpa chini ya hapo. Jina lake silitaji maana mwenyewe alikataa kutangazwa mitandaoni, anasema kazi alizonazo zinamtosha, lakini ukiingia maduka ya vifaa vya umeme pale mjini ukauliza yule fundi mtu mzima wa Majengo anayetembea na mega yake (kile kipimo cha kupimia nyaya kama zinavujisha umeme), watakuelekeza.

Nyumba yenyewe iko Old Moshi, unapita Kiboriloni unapanda kuelekea Kidia. Marehemu baba aliijenga miaka ya 80, vyumba vitatu na sebule, baadaye vikaongezwa viwili kwa nyuma, baadaye tena varanda ikazibwa ikawa chumba cha wajukuu. Mnaojua nyumba za kwetu mnaelewa, Desemba watoto wote wanarudi na wake zao na waume zao na wajukuu, kila kona kuna mtu amelala na kila soketi ina ekstensheni na kwenye ekstensheni kuna simu, jagi la umeme, pasi, redio, halafu Januari wanaondoka nyumba inabaki na mama, kaka na mke wake na watoto wao.

Moto ulitokea mwezi wa pili, Jumapili kuamkia Jumatatu. Wote walitoka salama kupitia mlango wa nyuma, nalisema mapema kwa sababu ndo la kwanza watu huuliza. Majirani walifika na ndoo wakawa wanachota mferejini, vijana wengine wanakata migomba wanaburuta mashina yake kwenye moto maana shina la mgomba limejaa maji, wengine wanarusha udongo. Zimamoto tulipiga 114, gari likapanda na barabara yetu ile, wakamalizia paa na wakaendelea kumwagia mpaka kunakucha. Sebule iliisha, vyumba viwili vya mbele viliisha, vya nyuma viliingia masizi tu. Watu wa jumuiya walileta blanketi, mahindi, sufuria, mi nilishuka Kiboriloni kwenye mitumba kuwatafutia watoto nguo za shule na sweta. Kwa upande huo kwakweli hatukuachwa peke yetu.

Sasa asubuhi hiyohiyo, kabla majivu hayajapoa, mtu mmoja akauliza, "Jana jioni nani alikuwa anapiga pasi?"

Alikuwa wifi yangu, mke wa kaka. Jumapili jioni ananyoosha sare za watoto kama mama yeyote. Akasema alichomoa. Akasema tena mchana, akasema jioni, akasema mbele ya shangazi zangu walipokuja, na kila akisema kuna mtu anakumbuka hadithi ya nyumba fulani iliyoungua kwa pasi. Mama hakumtukana hata mara moja, mama yangu si mtu wa matusi, ila aliacha kumwita mwanangu. Na akawa anahesabu vitu. Kabati la mninga la baba, vyeti vyetu, cheti chake cha ndoa, albamu za picha, vile vitenge alivyokuwa anavitunza. Anavitaja kimojakimoja wifi akiwa palepale jikoni anakoroga uji, na kila kimoja kikitajwa unaona kabisa kinamwendea nani. Pembeni kukawa na kundi lingine linasema huu ni mkono wa mtu, kwa sababu tuna shauri la mpaka wa kihamba (shamba la ukoo) na jirani mmoja, wengine wanataka aitwe mtaalamu, yaani mganga, aangalie. Kaka yangu katikati, hasemi kitu, anakonda. Haikupita muda wifi akamchukua mtoto mdogo akarudi kwao Machame, akasema anaenda kusalimia, wote tukajua sio kusalimia.

Katika hali hiyo ndo tukaanza kutafuta fundi. TANESCO walishakata waya kwenye nguzo, na kurudishiwa umeme ilibidi nyumba ifanyiwe wayaringi na mtu mwenye leseni asaini fomu. Fundi wa kwanza aliyekuja (sio huyu) alisimama mlangoni dakika chache akahesabu vyumba kwa kidole akataja bei akaomba advansi. Shemeji yangu wa mjini akasema subirini, kuna mzee yuko Majengo ndo alitengeneza kanisani kwetu.

Alipofika alimwamkia mama, akampa pole, akakaa kwanza akanywa chai. Afu swali la kwanza akauliza, "Mmefagia?" Sebule ilikuwa bado, tulishindwa tu kuigusa. Akasema vizuri, msifagie, na akatuonyesha leseni yake ya ufundi umeme ya EWURA bila hata kuombwa, akavaa gambuti akaingia.

Nilimfuata nyuma, na kaka naye akaja. Mi nilidhani ataangalia wapi pa kupitisha paipu, kumbe anasoma ukuta. Akatuonyesha fremu za makochi zilizobaki: juu zimeisha kabisa, miguu ya mbao bado ipo, na chini ya kochi moja kuna kipande cha zulia hakijaguswa. Akasema moto kawaida unapanda, ukianzia chini unaacha alama ukutani nyembamba chini pana juu, na vitu vinaanza kuungua miguu. "Hapa naona kinyume, huu umeanzia darini ukawadondokea." Akapanda ngazi akawa anafuata nyaya zilizoning'inia mpaka kona ya sebule inayopakana na ile varanda iliyozibwa.

Kabla hajashuka kaka akamuuliza ile pasi. Ilikuwa imeokotwa kwenye majivu chini ya dirisha, plastiki yote imeyeyuka limebaki bamba na plagi, na shangazi aliiweka kabisa kwenye gunia kama ushahidi. Fundi akaiomba. Akaigeuza plagi akatuita karibu kwenye mwanga. Akasema plagi ikiwa ndani ya soketi wakati nyumba inaungua, zile pini tatu zinakuwa zimefunikwa, hata kama mwili wake umeyeyuka nje, pini zinabaki safi kwa sababu masizi hayafiki. Hizi zilikuwa nyeusi pande zote mpaka kwenye shina. Akaenda kwenye soketi ya pale dirishani, uso wake umeungua sawasawa wote, hakuna sehemu iliyokingwa na plagi. Akasema, "Hii pasi ilikuwa imechomolewa."

Kaka alikaa chini palepale kwenye majivu. Aisee.

Nikaenda kumwita mama. Fundi akarudia yote mbele yake taratibu, na ninavyomsifu ni hapa, maana angeweza kusema kwa kifupi akaendelea na kazi, lakini alimshika mkono mama mpaka ndani akamwonyesha miguu ya makochi, zulia, pini, soketi, kimoja baada ya kingine, kwa lugha ambayo mtu wa miaka yake anaielewa. Mama akauliza, "Kwa hiyo sio pasi?" Akajibu, "Mama, sio pasi. Huyo binti amesema kweli."

Afu ndo akatuonyesha ya darini. Wakati varanda inazibwa, umeme wa kile chumba ulichukuliwa kutoka laini ya sebule kwa kuunga juu ya silingi bodi, waya kwa waya umesokotwa ukazungushiwa tepu, hakuna boksi, hakuna konekta. Na waya wenyewe ni wa milimita mraba 1.5, ule wa taa, wakati soketi zinataka 2.5. Kwenye maungio shaba ilikuwa imeyeyuka ikafanya kishanga kidogo. Akasema shaba inayeyuka kwenye nyuzi joto 1085, na moto mkubwa wa nyumba unaweza kukaribia hapo, kwa hiyo kishanga peke yake hakitoshi kumwambia, ila hapa kimeyeyuka kipande cha urefu wa kidole tu na waya wa pembeni ni mzima, hiyo ni kazi ya umeme unaoruka kwenye maungio yaliyolegea. Maungio yakilegea yanapata joto, yakipata joto yanalegea zaidi, kila Desemba mkiweka majagi na mapasi yanapikwa upya, vumbi la miaka yote liko pale, bodi kavu iko pale, viota vya ndege viko pale.

Kaka akauliza swali ambalo nadhani wengi mngeuliza: mbona breka haikuanguka? Jibu lake nimelikariri. Breka inaangalia umeme unaopita ni kiasi gani. Jagi la wati 2000 linavuta karibu ampea 9, pasi ya wati 1000 ampea 4 na kitu, jumla 13, breka yenu ni ya 20, kwake kila kitu kiko sawa. Maungio yaliyolegea hayavuti umeme zaidi, yanachemka tu, na breka haipimi joto la darini. Usiku ule kilichokuwa kinafanya kazi ni friza la maziwa la kaka kwenye chumba cha varanda, linawaka linazima linawaka linazima. Kaka akaanza kujilaumu, fundi akamkatiza, friza halina kosa, isingekuwa friza ingekuwa kitu kingine mwezi mwingine.

Akauliza kama tuliwahi kusikia harufu ya samaki ndani na hakuna samaki. Mama akasema ndiyo, tangu sikukuu, ilikuwa inakuja na kuondoka. Hapo naomba wote mnaosoma mshike: plastiki za soketi na maungio zikianza kuchemka zinatoa harufu kama ya samaki au mkojo. Na taa zikicheza cheza chumba kimoja tu wakati kwingine zimetulia, hiyo sio TANESCO, hiyo iko ndani kwenu.

Shangazi mmoja akataka kujua nani aliunga. Ni fundi wa zamani sana aliyeletwa na baba mwenyewe. Huyu wetu hakumtukana mwenzake, alisema tu kazi hii aliifanya mtu aliyeambiwa amalize kabla wageni wa Krismasi hawajafika. Shangazi akafungua mdomo aendelee, mama akasema inatosha.

Wiki ileile mama alimwambia kaka ampeleke Machame. Kwa msio Wachaga, kuna mmea kwetu unaitwa isale, tunaupanda kwenye mipaka na kwenye makaburi, na mtu akikuletea jani lake kukuomba radhi hukatai. Mama alikata isale kihambani mwenyewe, akaenda nalo na mzee mmoja wa ukoo kwa mujibu wa taratibu, mkwe anamwomba radhi mke wa mwanae, sijawahi kuona hiyo kwenye familia yetu. Wifi alirudi baada ya Pasaka na mtoto. Mambo waliyoongea kule mi sikuwepo na sijauliza.

Nilichokiona ni kwamba mama aliacha kuhesabu vitu. Kabati la mninga limeungua bado, vyeti bado tunafuatilia kimoja kimoja na foleni zake, picha za baba zimebaki zile mbili zilizokuwa kwa ndugu wa Arusha. Hasara ni ileile. Lakini zamani kila kitu kilichoungua kilikuwa kosa la mtu, na mtu mwenyewe yuko mbele yako anakoroga uji, huwezi kukililia vizuri wala kukiacha. Ilipojulikana hakuna mtu, mama alilia kabati lake siku moja ya kweli, akanawa uso, akauliza bati zinauzwaje siku hizi. Hata ule mpaka na jirani, hakuna tena aliyetaja mtaalamu. Sasa fikiria angekuja fundi wa aina ya yule wa kwanza, tungefagia, tungevuta waya mpya, tungepaka rangi, na wifi angebaki kwao na jina la aliyechoma nyumba mpaka anazeeka.

Haya, kazi yenyewe. Anachaji kwa pointi, yaani kila taa, kila swichi, kila soketi ni pointi, na bei yake kwa pointi iko juu kuliko wengi wa mjini, msishtuke. Ufundi peke yake tulilipa kama laki nne na nusu kwa nyumba nzima, vifaa tulinunua wenyewe ila yeye aende dukani na wewe. Na hilo ni la thamani, maana kuna roli moja ya waya tulishauziwa na kaka aliona imemfaa kwa bei, fundi akaikataa akiwa hajaifungua kwa vile ilikuwa nyepesi mkononi. Akakwangua ncha kwa kisu, ndani nyeupe. Ni alumini imepakwa shaba juu. Akatuambia tafuteni zenye alama ya TBS, na mkwangue wenyewe mbele ya muuzaji bila aibu. Duka lilibadilisha, lakini kwa kubishana.

Alivuta 1.5 kwa taa tu, 2.5 kwa soketi, friza akalipatia laini yake na breka yake, jiko laini yake. Hakuna maungio darini hata moja, kila kuunga kuko ndani ya boksi unalolifikia kwa ngazi. Akachimbia erthi rodi upya kwa sababu ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu, akaweka RCD ya miliampea 30 ambayo inakata umeme ukivuja kwenda ardhini au kwenye mwili wa mtu, ila alisema wazi kabisa kwamba nayo isingeuzuia moto ule kwa vile ule haukuwa umeme unaovuja, hiyo ni kwa ajili ya watoto. Mwisho akapima na mega kwa volti 500 laini moja moja, anamwita kaka asome namba, inatakiwa isipungue megaomu 1, zetu mpya zote zilikuwa juu sana. Vyumba vya nyuma ambavyo havikuungua navyo alivipima, viwili vikafeli, akavuta upya na hizo ndo pointi za nyongeza kwenye bili ambazo hatukuzitegemea. Fomu ya TANESCO alisaini mwenyewe na umeme ukarudi.

Mabaya yake. Simu hapokei akiwa kazini, na anakuwa kazini kutwa, mtumie ujumbe atajibu usiku. Alisema anaanza Jumatatu akaanza katikati ya wiki inayofuata, na mama alikuwa analala jikoni nje wakati huo kwa hiyo siku zile zilituuma. Ukuta anauchonga kupitisha paipu lakini kuziba sio kazi yake, utafute fundi mwashi mwenyewe na umlipe, hili aliseme mapema maana sisi tulijua palepale. Kijana wake wa kazi alitoboa tundu mahali sipo chumbani kwa watoto, likazibwa, ila linaonekana. Risiti ni ya kuandika kwa mkono. Na hafanyi nusu kazi, ukimwambia tengeneza sebule tu vyumba vingine tutafanya tukipata hela anakataa kabisa, anasema atakusubiri. Kwa mtu ambaye ametoka kuunguliwa na hana kitu hilo ni gumu, sisi tulichangishana ndugu wote na kikoba cha wifi mwenyewe ndo kilitukopesha kiasi kilichopungua.

Kama unamtaka, usisubiri mwezi wa kumi na moja, huo anajaa kwa ajili ya watu wanaoandaa nyumba za Krismasi. Kama nyumba imeungua mwambie kwenye ujumbe wa kwanza kabisa na usifagie. Kwetu ameahidi kurudi kupima tena kabla watu hawajaanza kushuka kutoka Dar, kupima hakuchaji, ila boda ya kutoka Kiboriloni kwenda na kurudi mnamlipia nyie.